Mbwa Alikula Nini Kabla ya Mahindi?

Najua nimepotea, TP ilinibana kwelikweli. Nimerudi Mkwawa juzi, na kabla sijaanza kulalamikia wali maharage wa kafteria, ngoja niwape hii ya Tukuyu.

Nilikuwa Kidato cha Kwanza, mada ni mwanadamu na ufugaji wa wanyama. Sasa mimi ni Mhehe. Nikitamka "mbwa" tu darasa zima hoi, utani wenyewe mnaujua. Nikawaacha wacheke. Walipotulia, binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ulisema mahindi yametoka Amerika. Kabla hayajafika, mbwa wa mababu walikula nini?" Nikajibu fasta, "Mabaki." Akauliza, "Mabaki ya nini?" Jamani! Kengele ikaniokoa.

Lilinikaa kichwani wiki nzima. Mahindi yalianza kulimwa Mexico miaka kama 9,000 iliyopita, yakavuka bahari kuja Afrika baada ya 1492. Mbwa alishakuwa huku karne nyingi. Kwetu Iringa jibu ni jepesi: ulezi na mtama, nafaka za Afrika hii hii. Yaani ule ugali wa dona tunaomwekea Simba pale nyumbani, tukidhani ndiyo chakula cha mbwa tangu dunia iumbwe, ni mgeni tu.

Lakini Tukuyu siyo Iringa. Bibi niliyepanga kwake alinicheka sana. Kwao zamani ilikuwa ndizi, maharage na maziwa, na mbwa wa baba yake alikula ndizi za kupikwa. Mmoja alikuwa hagusi mpaka zimwagiwe maziwa mgando! Mbwa wake wa sasa anaokota maparachichi chini ya mti, anachagua yaliyolainika, kokwa anaacha. Na parachichi nalo asili yake Amerika, kama mahindi.

Paka wa nyumba hiyo hiyo ni kesi nyingine. Ukimchanganyia ugali na usipa wa Ziwa Nyasa, anachambua usipa mmoja mmoja, ugali anakuachia. Nikamnunulia dagaa wa Mwanza. Akanusa, akaondoka.

Nikachimba kidogo. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha mbwa na mbwamwitu. Mbwamwitu ana nakala 2 za jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga, mbwa ana kuanzia 4 mpaka 30. Amekaa na wakulima mpaka tumbo limekuwa la mkulima. Paka wapi! Mwaka 2005 iligundulika kwamba jeni yake ya kuonja utamu haifanyi kazi, kwa hiyo ndizi mbivu kwake ni kama ubao. Yeye ghalani alifuata panya, hakufuata nafaka.

Kipindi kilichofuata, msimamizi wangu kutoka chuo kakaa nyuma na fomu zake, nikakiri mbele ya wote kwamba jibu langu la "mabaki" lilikuwa la kubabaisha. Mikono inatetemeka. Nikawapa kazi: wakaulize wazee mbwa wao walikula nini. Masimulizi ya mdomo ni chanzo cha historia, si ndiyo tunavyowafundisha?

Madaftari yakarudi. Ndizi, makande, uji wa ulezi. Yule binti aliandika kwamba mbwa wa babu yake alikula chochote, ila alikuwa hali mpaka babu aanze. Sikujua nimpe ngapi, nikampa zote.