Kusikia Sauti ya Bwana: Uamsho katika Nchi ya Buhaya

Wamisionari wa Bethel, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walipofika Bukoba mwaka 1910 hawakukuta nchi isiyolijua Neno. Walikuta Wahaya waliokwisha kuamini, ambao waliipokea Injili huko Buganda na wakawa wanakutana faraghani kusoma Maandiko kwa Kiganda, bila mchungaji wala jengo. Yafaa jambo hilo likumbukwe, maana mara nyingi historia za sharika huanza kuhesabiwa tangu siku mgeni alipopiga hema lake.

Vita Kuu mbili ziliwaondoa wamisionari wa Kijerumani mara mbili, na kila mara walimu na wainjilisti wenyeji ndio waliobaki kulilisha kundi. Kanisa likakua. Lakini kukua kwa idadi kulileta ubaridi wake. Mkristo aliweza kuwa na jina katika kitabu cha ubatizo, akaketi ibadani Jumapili, na Jumatatu akaenda kwa mganga bila dhamiri kumsumbua. Neno lilisikika masikioni, wala halikuufikia mwenendo.

Mwezi Septemba mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na tabibu Mwingereza Joe Church, wote Waanglikana, walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo, na kutoka Gahini nchini Rwanda alikofanya kazi Church, Uamsho ulienea, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ukawa umefika Buhaya, katikati ya Walutheri.

Jinsi ndugu hao walivyojifunza kumsikiliza Mungu haikuwa na fumbo. Walikusanyika vikundi vidogo, wakasoma fungu la Maandiko, wakanyamaza, kisha kila mmoja akasema mahali lilipomchoma. Hawakuuliza fungu lasema nini juu ya jirani. Aliyechomwa alitubu mbele ya wenzake, na hiyo waliiita kutembea nuruni. Lakini machozi hayakutosha. Aliyeiba alirudisha, iwe jembe au fedha ya mwajiri, waliokosana walitafutana, mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watu, jambo ambalo kwa desturi za wakati ule lilikuwa aibu kubwa kuliko kurudisha fedha. Hapo ndipo sauti ilipopimwa. Kama haikuzaa tendo, ndugu waliitilia shaka.

Si haki kuficha upande wa pili. Wapo walioyaona matakwa yao kuwa sauti ya Mungu, na wapo waliowahukumu wachungaji wao kuwa hawajaokoka. Wazee wa Kanisa nao, wakilinda utaratibu, walikuwa wepesi kuwaona ndugu kama wachochezi, hata pale walipoambiwa kweli. Kila upande ulihitaji kusikiliza, na kila upande ulidhani ni mwenzake aliye kiziwi. Hatari ya kupasuka ilikuwa ya kweli.

Katika hali hiyo alikulia Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925 na kuguswa na Uamsho mwaka 1947. Yeye hakuchagua kati ya ndugu na Kanisa. Alisoma theolojia, akawa mchungaji, na mwaka 1964 akashika nafasi ya Bengt Sundkler wa Sweden kama Askofu. Katika kitabu chake cha mwaka 1974, Church, Clan and the World, aliuchunguza undugu wa ukoo na undugu wa Kanisa. Swali hilo vikundi vya Uamsho vilikuwa vimelijibu kwa kuishi kabla halijaandikwa. Mwaka 1977, mjini Dar es Salaam, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilimchagua kuwa Rais, Mwafrika wa kwanza katika kazi hiyo, akaitumikia hadi mwaka 1984. Hivyo mtu wa Uamsho, ambao wazee wengi waliuogopa, ndiye aliyekabidhiwa kiti cha mbele cha Walutheri wa ulimwengu.