Sonona na moyo kushindwa kufanya kazi

Sonona huwapata wengi wanaoishi na moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo, na huchelewesha nguvu kurudi. Ni rahisi kuikosa, kwa kuwa uchovu na kukosa usingizi ni dalili za maradhi yote mawili. Mkulima wa Butiama anayelalia mito mitatu ili apumue atasema amechoka tu, na nyumbani watamwamini. Aliyekata tamaa huweza kuacha dawa, vikiwemo vidonge vya kupunguza maji mwilini, ambavyo ni kero tupu siku ya kupanda basi kutoka Bunda kwenda kliniki Musoma.

Na wanaougua moyo huu si wazee tu: utafiti wa hospitali ya Muhimbili uliochapishwa 2014 ulihusisha wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, wenye wastani wa miaka 55, umri wa mtu anayetegemewa bado. Chanzo kikuu cha maradhi yao ya moyo kilikuwa shinikizo la damu.

Dawa za sonona si mwarobaini. Sertralini, iliyojaribiwa Marekani kwa wagonjwa 469 (2010), haikuishinda dawa bandia. Makundi yote mawili, yaliyofuatiliwa na wauguzi, yalipata nafuu. Mazoezi ya mwili yalipunguza dalili, ingawa kidogo, katika HF-ACTION, jaribio la mazoezi kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi. Kwa aliyeruhusiwa na daktari, njia tambarare kando ya ziwa mjini Musoma inafaa kuanzia kuliko vilima vya Butiama.