Rangi ya Sirius na Nyuzi za Kolajeni

Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika mwili wa binadamu, na ndiyo inayozipa kano, ngozi na mifupa uimara wake. Hata hivyo, kipande chembamba cha tishu kikitazamwa kwa hadubini bila kutiwa rangi, nyuzi zake ni vigumu kuzitofautisha na vitu vinavyozizunguka.

Mwaka 1889 Ira Van Gieson wa New York alieleza mchanganyiko wa fuksini na asidi ya pikriki. Kolajeni ilitoka nyekundu, misuli ikatoka ya manjano. Maabara nyingi ziliupokea, ingawa wekundu wake ulififia na nyuzi nyembamba zilikosa rangi. Mwaka 1964 Sweat, Puchtler na Rosenthal, nchini Marekani, waliiondoa fuksini na kutumia Sirius Red, rangi ya kutilia vitambaa, ndani ya asidi ileile. Rangi hii ilidumu.

Thamani yake kubwa zaidi ilijulikana pale mwanga wa polarizesheni, yaani ambao mawimbi yake hutetema kwa mpangilio mmoja, ulipotumika. Molekuli ya Sirius Red ni ndefu na hulala sambamba na uzi wa kolajeni, hivyo huongeza sana uwezo ambao uzi huo unao tayari wa kuugawa mwanga mara mbili. Constantine na Mowry walilitumia jambo hilo kwenye ngozi ya binadamu mwaka 1968. Mwaka 1979 Junqueira, Bignolas na Brentani wa São Paulo, Brazili, wakaijenga kuwa mbinu mahususi ya kuitambua kolajeni. Slaidi huwekwa kati ya vichujio viwili vya polarizesheni vilivyopishana kwa digrii 90. Tishu nyingine huzama gizani, nyuzi nene zikang'aa nyekundu au rangi ya chungwa, na nyembamba zikawa kijani.

Hapo ndipo wengi walipokwenda mbali mno. Wekundu ulisomwa kuwa kolajeni ya aina ya I, na ukijani kuwa aina ya III. Usomaji huo hautoshi: rangi hutegemea unene wa nyuzi, mpangilio wao na hata unene wa kipande kilichokatwa. Anayetaka kujua aina kwa hakika hana budi kutumia kingamwili.

Tatizo jingine ni kwamba uzi uliolala kufuata mwelekeo wa kichujio hauonekani kabisa, na anayepima kiasi cha kolajeni hupata pungufu. Mwaka 1994 Whittaker na wenzake, wakipima kolajeni ya misuli ya moyo, walitumia mwanga wa polarizesheni ya mduara, ambao huzing'arisha nyuzi bila kujali zimeelekea wapi.