Kijiti, Kibao na Tumbusi

Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, Marekani, Orville Wright alikaa hewani sekunde 12, na muda wote ndege yake ilikuwa ikipanda na kushuka kama mashua kwenye mawimbi. Baadaye alieleza sababu. Kibao cha mbele, kile cha kuinua na kushusha pua, kilikuwa kimeegemezwa karibu mno na katikati yake, kwa hiyo ukikigusa kidogo tu kinajigeuza chenyewe na kupitiliza. Siku hiyo hiyo kaka yake, Wilbur, aliruka sekunde 59 na kwenda mita 260, kisha pua ikaangukia chini na fremu ya kibao hicho ikavunjika. Watu huikumbuka siku ile kwa ushindi. Mimi ninayeunda ndege ndogo za rimoti hapa Bariadi naikumbuka kwa kibao kilichotii mkono kupita kiasi.

Ndege za rimoti zilianza na kasoro ya kinyume. Ndugu wawili Wamarekani, Walter na William Good, walirusha yao, Guff, miaka ya 1930. Kwa muda mrefu baada ya hapo rimoti nyingi zilijua amri tatu tu: kushoto kabisa, katikati, kulia kabisa. Miaka ya 1960 zikaenea zile zinazofuata kipimo cha mkono, kijiti kidogo, kibao kidogo. Ndipo shida ya Orville ikarudi, hasa kwa ndege za sarakasi, ambazo vibao vyake hugeuka nyuzi 40 na zaidi ili ziweze kuning'inia wima kwa nguvu ya pangaboi.

Dawa yake inaitwa ekspo. Chukua kibao kinachogeuka nyuzi 30. Bila ekspo, kijiti kikifika nusu kibao kinageuka nyuzi 15. Kwenye rimoti yangu, ekspo ya asilimia 30 inazishusha hadi karibu 12, lakini kijiti kikifika mwisho unazipata 30 zako zote. Katikati pamelainika, pembeni pamebaki pakali. (Angalia alama: kwenye rimoti za Futaba unalainisha kwa kutoa, kwenye za Spektrum kwa kujumlisha. Ukikosea, umemrudisha Orville Kitty Hawk.)

Vijana wanaokuja kutazama kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa hutaka kuanzia kwenye ekspo, kwa kuwa iko kwenye skrini. Mimi huanzia kwenye bawaba na vijiti vya waya. Rimoti inaweza kuiamuru mota ndogo isukume kibao kupita pale bawaba inapoishia. Waya unapinda, kibao kinang'ang'ania, na kibao kilichokwama hakina ekspo.

Kukwama kwa namna hiyo ndiko kulikomuua Michael Grzimek, mashariki yetu, ndani ya Serengeti. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuja kutoka Ujerumani kwa ndege yao wenyewe, Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, kuhesabu wanyama wakati serikali ya kikoloni ikitaka kubadili mipaka ya hifadhi. Walihesabu nyumbu 99,481. Dornier ile iliundwa iweze kuruka polepole na kutua mahali pafupi, sifa inayomfaa mtu anayehesabu wanyama kwa dirishani. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake hewani. Tumbusi akagonga bawa la kulia. Kiswahili kinawaita wote wawili ndege, na siku hiyo ndege alimwangusha ndege. Bawa lilipinda, likabana nyaya za kuongozea, Dornier ikapiga mbizi. Alikuwa na miaka 24, na kwa kadiri ninavyoelewa ajali ile, mkono wake haukuwa na kosa lolote.

Ndege yangu ya sasa nimeipaka milia. Tumbusi wapo wengi huku kwetu, na mwewe ndio wachokozi zaidi, kwa hiyo kabla ya kurusha nazungusha kila kijiti hadi mwisho na kusikiliza kama kuna mota inayolalamika.

Baba aliimalizia filamu yao, ikapata Oscar mwaka 1960. Michael alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Bernhard alifariki mwaka 1987, majivu yake yakaletwa kuzikwa kando ya mwanawe.