Maumivu ya kifua kwa watumiaji wa dawa za sonona

Maumivu ya kifua kwa watumiaji wa dawa za sonona ni hali ya mtu anayemeza dawa za sonona kuhisi maumivu, uzito, kubanwa au kuchomwa kifuani, mara nyingi pamoja na moyo kwenda mbio. Chanzo kinaweza kuwa moyo wenyewe, dawa, hofu inayoambatana na sonona, au kiungo kingine kama umio, mapafu na misuli. Dalili za vyanzo hivyo hufanana, na mgonjwa hawezi kuvitofautisha kwa kujisikia tu.

Kwa sababu hiyo makosa mawili hutokea. La kwanza ni kudhani kwamba maumivu ya mtu mwenye sonona ni "mawazo tu". La pili ni mgonjwa kuingiwa na hofu na kuacha dawa ghafla bila kumwona daktari. Makosa yote mawili yanaweza kuhatarisha maisha.

Dawa zinazohusika

Dawa za sonona zilianza kupatikana katika miaka ya 1950. Iproniazidi ilitengenezwa kwa ajili ya kifua kikuu, lakini ilionekana kuwachangamsha wagonjwa. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi aliandika kuhusu imipramini, dawa ya kwanza ya kundi la trisaikliki. Amitriptilini ni ya kundi hilohilo. Fluoksetini, ambayo huongeza kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo serotonini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kundi lake lina pia sertralini na sitalopramu.

Amitriptilini hutolewa pia kwa maumivu ya neva, kama miguu kuwaka moto kwa wenye kisukari, na kwa kuzuia kipandauso. Hivyo mtu anaweza kuitumia kwa miaka bila kujua kwamba ni dawa ya sonona, na asiitaje anapoulizwa na daktari wa moyo.

Vyanzo vya maumivu

Moyo. Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo unapoziba. Maumivu yake kwa kawaida ni ya kubana au kulemea katikati ya kifua, na yanaweza kwenda kwenye bega, mkono, shingo au taya. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari yanaweza kuwa madogo, au dalili ikawa kuishiwa pumzi, kichefuchefu na uchovu tu. Sonona haimkingi mtu na ugonjwa huu. Kinyume chake, wenye sonona hupata magonjwa ya moyo zaidi ya wengine, na mtu anayepata sonona baada ya mshtuko wa moyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Dawa. Dawa za trisaikliki huongeza kasi ya mapigo, hushusha presha mtu anaposimama ghafla, na huchelewesha umeme wa moyo. Zikimezwa kupita kiasi zinaweza kuua. Ni lazima ziwekwe mbali na watoto, na kwa mtu mwenye mawazo ya kujiua ni busara apewe vidonge vya siku chache tu na ndugu amtunzie. Dawa za kundi la fluoksetini ni salama zaidi kwa moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, uliohusu wagonjwa 369 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo au maumivu makali ya moyo, haukuona kwamba sertralini iliwadhuru moyo. Sitalopramu ni tofauti kidogo: mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha isizidi miligramu 40 kwa siku, kwa sababu inaweza kuvuruga umeme wa moyo. Kwa waliozidi miaka 60 kikomo ni miligramu 20.

Hofu. Shambulio la hofu huleta kifua kubana, moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka na hisia ya kufa. Kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hupungua. Maumivu hayo ni ya kweli; mgonjwa hajifanyi. Katika wiki mbili za mwanzo dawa nyingi za sonona zinaweza kuongeza wasiwasi kabla ya kuupunguza, na mgonjwa asipoelezwa mapema hudhani moyo wake umeharibika.

Umio, mapafu na misuli. Dawa za kundi la fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu na kusumbua tumbo. Kidonge kilichomezwa kwa maji kidogo, kisha mtu akalala, kinaweza kukwama kwenye umio na kuuchoma. Kiungulia huunguza nyuma ya mfupa wa kifua na huzidi mtu akiinama au kulala. Kile ambacho watu huita kichomi, yaani maumivu makali mtu anapovuta pumzi, kinaweza kutokana na nimonia, kifua kikuu au damu iliyoganda kwenye mapafu. Mpagazi au mpiga tofali naye huweza kuumwa misuli ya kifua.

Dawa zinazogongana

Hatari huongezeka dawa mbili zinazochelewesha umeme wa moyo zinapokutana mwilini. Miongoni mwa dawa zinazotumika sana Afrika Mashariki, kwinini, erithromaisini, azithromaisini na flukonazoli ziko katika orodha hiyo. Dawa mseto ya malaria, yaani ALu, iliyoanza kutumika Tanzania kama tiba ya kwanza mwaka 2006, nayo ina tahadhari inapotumiwa pamoja na baadhi ya dawa za sonona. Hii haina maana kwamba mgonjwa akatae tiba ya malaria, kwa kuwa malaria inaua. Maana yake ni kwamba amweleze mhudumu kila dawa anayotumia, ili achaguliwe dawa inayofaa au afuatiliwe.

Tatizo lingine ni dawa za maumivu. Mtu akiumwa kifua hukimbilia duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo zikichanganywa na fluoksetini huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni, na diklofenaki yenyewe huongeza hatari ya mshtuko wa moyo.

Uchunguzi

Uchunguzi huanza na maswali: maumivu yalianza lini, yanakuja wakati wa kazi au wa kupumzika, dawa ilianza au kuongezwa lini, na katika ukoo kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana? Kisha hupimwa presha, mapigo, sukari na wingi wa damu, kwa kuwa upungufu wa damu pia huufanya moyo kwenda mbio.

Kipimo muhimu ni cha umeme wa moyo, kiitwacho ECG. Hakina maumivu wala sindano, na huchukua dakika chache. Mchoro wake huonyesha dalili za mshtuko wa moyo na urefu wa sehemu iitwayo QT. Urefu huo ukizidi milisekunde 500, hatari ya moyo kupiga ovyo na kusimama ni kubwa, na daktari hufikiria kubadilisha dawa. ECG moja iliyo safi haitoshi kuondoa shaka. Ikiwa maumivu yanaendelea, hurudiwa pamoja na kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia.

Kuacha dawa ghafla

Anayeacha dawa ya sonona ghafla anaweza ndani ya siku chache kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, wasiwasi, moyo kwenda mbio na hisia kama ya kupigwa shoti kichwani. Dalili hizo hufanana na zile alizokuwa anazikimbia. Fluoksetini hutoka mwilini polepole, hivyo dalili zake huwa hafifu. Hatari kubwa zaidi ni sonona yenyewe kurudi, pamoja na mawazo ya kujiua. Kwa kawaida daktari hupunguza dozi hatua kwa hatua. Mtu mwenye maumivu ya kifua amwone daktari siku hiyohiyo, na uamuzi kuhusu dozi inayofuata ufanywe huko.

Hali nchini Tanzania

Mgonjwa wa Vingunguti, kata ya Wilaya ya Ilala inayojulikana kwa machinjio yake, kwa kawaida huanzia duka la dawa, zahanati au kituo cha afya. Hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu ni Amana. Upande wa Temeke na Kinondoni zipo Temeke na Mwananyamala. Juu yake ni Hospitali ya Taifa Muhimbili, yenye idara ya magonjwa ya akili, na katika eneo hilohilo ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Ugumu mmoja ni kwamba kliniki ya akili na ya moyo huandika kila moja kwenye karatasi zake. Wagonjwa wengine huficha dawa zao kwa kuogopa kuitwa vichaa, au huambiwa nyumbani kwamba wana majini. Njia rahisi ni kwenda kila mahali na vidonge vyenyewe pamoja na pakiti zake. Madhara ya dawa yanaweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kupitia kituo cha tiba.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, hata usiku, na hata kama amewahi kuambiwa ni wasiwasi, endapo:
- maumivu ya kubana yanazidi dakika 15, au yanaenda mkononi au kwenye taya;
- anazimia au anakaribia kuzimia;
- anaishiwa pumzi, anatoka jasho baridi au anatapika;
- mapigo yanakwenda ovyo bila mpangilio;
- amemeza vidonge kupita kiasi, hata kama bado anajisikia vizuri.