Barua ya Sultani na Barua ya Mwalimu

Anayetoka Mlingotini kwenda Bagamoyo mjini hupita jirani na Kaole, ambako Juni 1857 Richard Burton na John Speke walianzia safari yao ya bara. Miaka 14 baadaye, Henry Stanley naye alipita Bagamoyo, akiwa na barua za Seyyid Barghash. Waliozipokea hawakumjua mgeni yule. Walimjua mwandishi wa barua, na hilo lilitosha.

Hayo hunijia kila wanafunzi wanapoanza kuomba ufadhili wa masomo ya nje. "Shikamoo mwalimu, naomba barua ya mapendekezo," na dirisha la maombi linafungwa kesho kutwa! Wengine huja na barua waliyojiandikia wenyewe, inayosubiri sahihi tu. Siwalaumu sana. Darasa la watu mia tatu halimpi mhadhiri nafasi ya kumjua mtu, na mtoto wa mvuvi au wa mkulima wa mwani hana mjomba ofisini wa kumtaja. Barua ndiyo mjomba wake. Hivyo anatafuta cheo kikubwa kadiri awezavyo.

Lakini cheo kina mipaka. Mwaka ule ule wa 1871, Waarabu wa Tabora walimpokea Stanley kwa ukarimu, naye akajikuta upande wao katika vita na Mirambo, mtemi ambaye muhuri wa Sultani haukumtisha hata kidogo.

Kuna pendekezo la namna nyingine. Kabla ya kuvuka kutoka Zanzibar, Stanley alimwajiri Sidi Mubarak Bombay kuwa mkuu wa askari wake. Bombay hakuhitaji barua ya Sultani. Burton na Speke, waliokuja kugombana vikali baada ya safari, wote wawili walikuwa wamemsifu vitabuni, kwa lugha asiyoisoma. Walimwona njiani kwa miezi mingi, akichoka, akikosea na kuendelea.

Kwa hiyo mwanafunzi akija, humuuliza nilimwona wapi akifanya kazi: semina, tasnifu, au utafiti kwa wakulima wa mwani pale Mlingotini. Akitaja, naandika. Asipotaja, namwelekeza kwa mhadhiri msaidizi aliyemsimamia, ambaye ana mengi ya kweli ya kusema juu yake. Wengi huondoka wamenuna, kwa kuwa walikuja kutafuta jina la profesa.