Daftari la Bi Hani na bumu letu

Najua bumu limeingia juzi na vibanda vya chipsi vinapumua. Sitaki kuharibu sherehe ya mtu. Ila nina historia fupi ya mama mmoja wa Japani aliyelifikiria suala hili la hela kuyeyuka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na kwa kweli nimempenda.

Anaitwa Hani Motoko, alizaliwa 1873 mjini Hachinohe, kaskazini kule. Aliingia gazeti la Hochi, Tokyo, kama msahihishaji wa prufu, akapanda hadi mwandishi, wakati wanawake wa kazi hiyo Japani nzima walikuwa wa kuhesabu. Mwaka 1903 yeye na mumewe Yoshikazu wakaanzisha jarida lao la mambo ya nyumbani. Mwaka 1904 akatoa kakeibo, yaani daftari la hesabu za nyumba.

Kwa nini wakati ule? Miji ilikuwa inajaa watu wa mshahara. Mkulima anavuna, anaweka ghalani, akiba anaiona kwa macho. Mfanyakazi wa Tokyo anapewa noti zote siku moja, halafu mwezi mzima uko mbele yake na maduka yako pande zote. Mnaona tunakoelekea? Hiyo ni bumu kabisa, bwana.

Sasa wanaosifia kakeibo siku hizi husema siri ni kuandika kila ulichotumia. Mimi naona wameshika nusu. Kuandika baada ya kununua ni kama kuorodhesha maiti mochwari: idadi utaipata, lakini nani atafufuka? Bi Hani alisisitiza bajeti kwanza. Unakaa chini kabla noti haijaguswa, unagawa mafungu, kisha kila siku unalinganisha. Ukiona kitambaa kizuri dukani hujiulizi kama hela unayo, maana siku ya mshahara jibu ni ndiyo daima. Unajiuliza fungu la nguo limebaki na ngapi.

Na alikuwa mchambuzi haswa! Kwenye daftari lake hakuna kuandika "chakula" ukamaliza. Wali una safu yake, kitoweo safu yake, viungo navyo safu yake. Mimi nimechora zangu hivyohivyo, nikaongeza bando na fotokopi. Safu ya bando inatisha kuliko ya wali.

Wasomaji wake waliipenda kazi hii mpaka mwaka 1930 wakaunda chama cha nchi nzima, Zenkoku Tomo no Kai, wanawake wakikutana na kufundishana hesabu za nyumba.

Lakini historia haiishii hapo pazuri. Serikali ya Japani nayo iliipenda akiba, kwa sababu zake. Benki ya akiba ya posta ilikuwapo tangu 1875, na vita na China ilipopamba moto kuanzia 1937, kampeni za kuweka akiba zikawa wajibu wa kizalendo. Jirani anakuangalia, ofisi inakukata kwenye mshahara. Hela ya akina mama waliojinyima kitoweo ikaenda kwenye risasi na manowari. Vita ikaisha 1945 kwa kushindwa, bei zikapaa, na Februari 1946 serikali ikazuia akaunti: mkuu wa kaya anatoa yeni 300 kwa mwezi, kila mwanafamilia mwingine yeni 100, basi. Zilizobaki benki zikaliwa na mfumuko wa bei.

Kwa hiyo mtu akikuhubiria kuweka akiba, una haki ya kumuuliza akiba hiyo inakwenda wapi. Kugawa mafungu ni kwa ajili yako mwenyewe. Kampeni ni habari nyingine, na mimi sipendi vitu hivi viwili vichanganywe.

Bi Hani alifariki 1957. Kila mwisho wa mwaka maduka ya vitabu ya Japani bado hupanga kakeibo mpya mezani, na watu wananunua.

Haya, nawahi semina ya saa nane. Anayetaka kuchora safu aje na rula yake.